Mwambie, Doro

Kwa miaka mitatu ya ndoa yao, Eirik hakuwahi kusema sentensi moja ya Kiswahili iliyonyooka. Alisema "kikombe mbili", alisema "rafiki zangu nakuja" akimaanisha wamefika, na mkewe Dorotea, ambaye kazi yake ilikuwa lugha, alishachoka kumsahihisha. Nyumbani kwao Pasiansi, Mwanza, walizungumza Kiingereza. Kiswahili cha Eirik kilikuwa cha kununulia nyanya na kusalimiana na majirani, basi.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili, wakiwa mezani wanakunywa chai, Eirik alitua kikombe chake, akatazama ziwani kupitia dirishani, akasema, "Nyavu za kizimba cha nne zimechanika tena. Zisiposonwa leo, samaki watatoka wote."

Dorotea alicheka kwa furaha, akapiga makofi. "Umejifunzia wapi hayo?" akamwuliza kwa Kiingereza.

"Mambo gani?"

"Hayo uliyosema sasa hivi!"

Eirik alimtazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Sijasema kitu," alijibu. "Nilikuwa nafikiria mkate."

Kicheko kikamkauka Dorotea mdomoni. Si kwa sababu ya sarufi. Ni lile neno, "zisiposonwa". Eirik akitaka kusema "sh" aliisema vizuri tu, kwao Norwei ipo. Aliyekuwa akishona nyavu za kizimba cha nne, na ulimi wake ukaigeuza "sh" kuwa "s" kila ilipokuja, alikuwa msichana wa Kijaluo kutoka Rorya aliyeitwa Apiyo. Na Apiyo alikuwa amekufa.

Wakati ule, miaka mitano nyuma, Eirik alikuwa ndiyo kwanza amefika Mwanza. Kampuni moja iliyokuwa inafuga sato kwenye vizimba, mbele kidogo ya ufukwe wa Ilemela, ilimleta awafundishe watu kazi hiyo. Hakuwa na ndugu wala rafiki. Dorotea, binti wa Magu aliyesomea lugha chuo kikuu, aliajiriwa kuwa mkalimani wake. Kutwa alitembea nyuma yake akibeba maneno, ya Eirik kwenda kwa wafanyakazi na ya wafanyakazi kurudi kwa Eirik.

Apiyo alikuwa mshona nyavu. Yeye na Eirik walipendana kwa kuonyeshana vitu: huyu anaonyesha ndege, mwenzake anamtajia jina lake, wanacheka. Lakini kila walipotaka kuambiana jambo la maana walimwita Dorotea akae kati yao kwenye benchi la banda la nyavu. Dorotea alimwambia Apiyo "nakupenda" mara nyingi kwa niaba ya Eirik. Na alipogeuka kumwambia Eirik "nakupenda" kwa niaba ya Apiyo, neno lile lilianza kukawia kinywani mwake, kila siku zaidi kidogo.

Hayo ndiyo aliyoyakumbuka asubuhi ile mbele ya chai yake, na chai ikapoa.

Baada ya siku nne ikaja harufu. Kwanza ilikuwa ya magugu maji yaliyooza, ile inayojulikana na kila anayekaa ufukweni upepo ukigeuka, kwa hiyo Dorotea alifunga madirisha. Harufu ikabaki ndani. Tena chini yake kulikuwa na nyingine, tamu na chachu, ambayo aliitafuta kwenye jokofu, kwenye ndoo ya taka na nyuma ya jiko, asione chanzo chake. Aliikuta kwenye kabati la nguo. Mashati ya Eirik ndiyo yaliyonuka.

Alhamisi ya wiki ile walikwenda pamoja vizimbani kuhesabu samaki waliokufa. Ilikuwa saa sita mchana, ziwa limetulia, jua liko utosini. Eirik alizima injini ya boti, akainama kwenye ukingo wa kizimba akiwa amempa Dorotea mgongo. Kukawa kimya. Halafu Dorotea akasikia mtu anaimba kwa kufumba midomo, polepole, wimbo wa kubembelezea mtoto, na alidhani ni redio ya wavuvi, akageuza kichwa huku na huku akitafuta mtumbwi, lakini maji yalikuwa matupu mpaka visiwani, na alipomtazama mumewe aliona mabega yake yanayumba taratibu kufuata wimbo, kushoto, kulia, kushoto, na mkono mmoja ameukunja kifuani kama uliobeba kitu chepesi kinachoweza kuamka.

"Eirik," alimwita.

Wimbo ukakatika. Eirik akageuka. Shati lake la bluu lilikuwa limelowa mahali pawili, kifuani, kulia na kushoto, miviringo miwili iliyokuwa inazidi kutanuka huku mkewe akiitazama, na ile harufu tamu na chachu ikampiga Dorotea usoni, akaitambua hatimaye. Yalikuwa maziwa ya mama, yaliyokaa bila wa kuyanyonya.

"Doro," midomo ya Eirik ikasema kwa upole kabisa. "Umesamwambia?"

Zaidi ya Apiyo, hakuna mtu duniani aliyewahi kumwita Doro.

Dorotea aliwasha injini mwenyewe, akarudisha boti gatini. Njiani Eirik alipangusa shati lake kwa kitambaa, akalalamika kwa Kiingereza kwamba ametokwa na jasho jingi ajabu.

Dorotea hakulala vizuri siku zilizofuata, wala hakusema kitu. Angemwambia nani? Alimpigia mama yake simu Magu, akamwomba aje akae naye kidogo, akisingizia malaria. Mama huyo, Paskazia, alikuwa mwanamke wa kanisani, mwenye maneno machache. Alifika Jumamosi na kuku wawili na viazi vitamu.

Eirik alimpokea mlangoni. Siku zote alimsalimia mama mkwe wake kwa kuinamisha kichwa tu na kucheka, kwa sababu salamu za Kiswahili zilimchanganya. Siku hiyo alipiga goti.

"Sikamoo, mama. Poleni na safari. Huko nyumbani mvua zimenyesa?"

"Marahaba, mwanangu," Paskazia alijibu, akamgeukia binti yake, amefurahi. "Mbona siku hizi anaongea hivi? Umemfundisha vizuri."

Dorotea alitazama pembeni.

Jumapili baada ya misa, dada yake Eirik alipiga simu ya video kutoka Norwei kama kawaida yake. Eirik alishika simu, akamtazama dada yake akiongea, akatabasamu, akaendelea kutabasamu. Dada yake akauliza kitu. Akauliza tena. Tabasamu la Eirik likaanza kutetemeka, na macho yakamtoka kama ya mtoto aliyepotea sokoni.

"Simwelewi," alimwambia Dorotea kwa Kiingereza, akinong'ona. "Dorotea, dada yangu anaongea lugha gani?"

Dorotea alichukua simu, akasema mtandao ni mbaya, akaikata. Eirik akakaa kitandani na kuanza kujitajia kwa sauti maneno ya kwao, moja moja: maji, mkate, mama, theluji. Alipata matatu. La nne halikuja, na alipolirudia la kwanza nalo lilikuwa limeshaondoka.

Mchana ule Paskazia alikuwa uani anachambua dagaa. Eirik alitoka akaketi chini kwenye mkeka karibu naye, miguu ameinyoosha mbele, akavuta ungo, akaanza kung'oa vichwa vya dagaa kwa kidole gumba, haraka haraka, kama mtu aliyekulia kazi hiyo, huku mkono wa kushoto ameukunja kifuani. Paskazia alimtazama muda mrefu. Kisha akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango wa jikoni.

"Dorotea," alisema kwa sauti ya chini. "Mumeo amekaa kama mzazi anayenyonyesha."

"Mama, tafadhali."

"Nimezaa watoto saba, najua ninachokisema. Kuna mtu humo ndani yake. Ni nani?"

Dorotea alianza kulia.

"Sikuulizi unalia nini," mama yake alisema. "Nakuuliza ni nani, na wewe unamjua."

Paskazia hakupenda waganga, lakini alimjua mmoja aliyemsaidia shemeji yake, na Jumatatu asubuhi alimpeleka binti yake Igoma. Mganga mwenyewe aliitwa Mayala. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa miaka hamsini hivi, na alipokea wagonjwa hapo hapo kibandani kwake katikati ya vitambaa vya sare za shule. Hakuwa na kibuyu wala manyoya. Aliendelea kukanyaga cherehani huku Dorotea akieleza habari za maziwa, wimbo na lugha iliyopotea.

"Anasema nini huyo anayesema?" Mayala aliuliza.

"Ananiuliza kama nimeshamwambia."

"Kumwambia nani?"

"Mume wangu."

Mguu wa Mayala ukasimama. "Kumwambia nini, mama?"

Dorotea alimtazama mama yake, akatamani atoke nje. Paskazia hakutoka. Basi akasimulia, kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yatokee.

Mama yake Eirik alikuwa ameugua huko kwao, na Eirik alikuwa anaondoka kesho yake. Apiyo akaja bandani mbio, akawaketisha wote wawili kwenye benchi. "Doro, mwambie nina mimba yake. Mwambie aje kwetu aonane na baba kabla hajapanda ndege. Akiondoka bila neno, nitajua hanitaki."

Dorotea alimgeukia Eirik, akamwambia kwa Kiingereza: "Anasema kwao wamempatia mchumba. Ng'ombe wameshapelekwa. Anakuaga."

Eirik akawa mweupe. "Mwambie asikubali," alisema. "Mwambie nitakwenda kwa baba yake mimi mwenyewe, ng'ombe nitatoa. Ninakwenda kwa mama miezi miwili tu. Mwambie anisubiri."

Dorotea akamgeukia Apiyo. "Anasema hayo ni mambo yako. Anakushukuru kwa kazi."

Apiyo hakuamini masikio yake. Alimtazama Eirik usoni. "Mbona macho yake yana maji?"

"Wazungu ndivyo walivyo wakiaga."

Na Eirik naye akauliza, "Kwa nini analia hivyo?"

"Wasichana wa huku hulia wakienda kuolewa. Ni desturi."

Cherehani ya Mayala ilikuwa bado imesimama. Dorotea akaendelea, kwa kuwa yalikuwapo mengine. Eirik aliporudi kutoka Norwei alimwomba ampigie Apiyo simu, yeye akaweka simu sikioni bila kubonyeza namba, akasema haipatikani. Na miezi saba baada ya ile siku ya benchi, alifika getini kaka yake Apiyo, Collins, aliyekuwa amefanya kazi hapo hapo vizimbani na kuacha. Alikuja kumwambia mzungu kwamba Apiyo amejifungua mtoto wa kike, na siku ya pili yake amefariki. Eirik alikuwa ofisini, hatua ishirini kutoka hapo. Dorotea aliingia ndani, akanywa maji, akatoka. "Amesema hataki kusikia," alimwambia Collins.

"Ee Mungu wangu," alisema Paskazia. Alivuta kitenge chake akajifunika uso.

Mayala alikata uzi kwa meno. "Huyu hakutumwa na mtu, na mimi siwezi kumfukuza. Nikimtoa kwa nguvu atatoka na ulimi wa mumeo, na mumeo atabaki bubu. Anasukuma lugha moja moja nje apate nafasi ya kusemea. Lugha za mumeo ni ngapi?"

"Mbili. Ya kwao imeshakwisha. Imebaki Kiingereza."

"Basi nenda ukamwambie kabla hicho nacho hakijaisha. Kikiisha, utamwambia kwa lugha gani?"

Alimwambia jioni ile ile, wamekaa sebuleni. Alimwambia yote bila kuinua macho, na Kiingereza chake, ambacho watu walikisifu, kilibabaika kama cha mwanafunzi wa darasa la tano. Alitegemea Eirik atapiga kelele. Alitegemea hata kofi, na angelipokea. Eirik alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mtoto yuko hai?" aliuliza.

"Yuko hai. Yuko kwa bibi yake, Rorya."

"Ana jina?"

"Favour. Collins alinitajia siku ile."

Eirik alilisema jina lile mara mbili, kwa uangalifu, kama anayepima uzito wake. "Niliamini kwamba alifurahi kuolewa," alisema. "Nilijiambia, mimi ni mgeni, sijui mila za watu, nisimsumbue. Kila nilipokosa kuelewa kitu katika nchi hii nilikuuliza wewe, Dorotea." Akainuka. "Kila kitu nilikuuliza wewe."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho ya Kiingereza. Kulipokucha, Dorotea alimsalimia akamwona anamkodolea macho bila kuelewa. Shati lilikuwa limelowa mpaka kiunoni. Mwili wake ulikuwa wa moto, na kutoka kifuani mwake, siyo mdomoni tena bali ndani kabisa, kifuani, ulisikika ule wimbo wa kubembeleza, na ulikuwa unapanda na kushuka pamoja na pumzi zake hivi kwamba Dorotea alielewa, akiwa ameshikilia kitasa cha mlango asiweze kutoka wala kuingia, kwamba pumzi zenyewe zilikuwa za wimbo, na wimbo ukinyamaza zitanyamaza nazo.

"Mwambie, Doro," ilisema sauti.

"Nimemwambia! Apiyo, jamani, nimemwambia yote!"

"Mwambie."

Alimpigia Mayala simu akilia. Mayala akamwacha alie kwanza.

"Siku ile kwenye benchi mlikuwa wangapi?" aliuliza.

"Watatu."

"Wewe jitoe."

"Wawili."

"Uliwadanganya wangapi?"

"Wote wawili."

"Umemwambia mmoja, mama. Na yule mwingine hajasikia mpaka leo kwamba alipendwa. Mpelekee maneno yake pale alipolala. Nenda na huyo mumeo, na mtafute ndugu yake."

Collins alikuwa anafanya kazi ya kupakia magunia kwenye kiwanda cha mafuta ya pamba Nyakato. Mama na binti walimweka Eirik kiti cha nyuma cha gari, wakamkuta Collins nje ya kiwanda wakati wa mapumziko ya asubuhi. Alipomwona Dorotea alitema mate chini.

"Nilisimama kwenye geti lenu saa nzima na jua," alisema. "Dada yangu hata wiki hajamaliza kaburini. Leo umefuata nini?"

"Kaka Collins, hakusema vile. Eirik hakujua. Ni mimi niliyesema."

Collins alimtazama asielewe. Kisha akaelewa, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo Dorotea hakuweza kuitazama. Alikwishageuka aondoke, pengine asingerudi tena, lakini kioo cha nyuma cha gari kilikuwa wazi.

"Okwach," aliita yule mtu mweupe aliyekuwa ndani.

Lilikuwa jina la nyumbani, ambalo Collins hakuwa amelitumia mjini hata siku moja. Sauti ikaendelea kwa Kijaluo, taratibu. Dorotea hakuelewa neno, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaonja hali ya mtu anayesimama kando ya maneno asijue yanamsema vipi. Collins alishika mlango wa gari kwa mikono miwili.

"Anaomba nimpeleke nyumbani," alisema hatimaye. Hakuuliza zaidi. Akaingia mbele.

Waliendesha wakapita Magu, wakamshusha Paskazia njiani kwa sababu alisema miguu haina nguvu tena, atawaombea. Wakapita Musoma, wakakunja kuelekea Shirati, na saa tisa alasiri walifika kwa akina Apiyo. Mama Collins alitoka nyumbani amembeba mjukuu mgongoni, mtoto wa miaka mitatu na nusu mwenye nywele za rangi ya mchanga. Collins alimweleza mama yake kwa Kijaluo. Mama huyo alinyoosha kidole nje ya uzio wa minyaa.

Kaburi lilikuwa huko, nje. Kwa desturi yao binti aliyekua akafa bila kuolewa hazikwi ndani ya boma. Palikuwa na tuta dogo lililoota nyasi na mawe matatu. Eirik alipofikishwa pale alianguka ubavu, sikio kwenye udongo, wimbo kifuani umekuwa mwembamba kama uzi, na ile harufu ya maziwa na magugu maji ikajaa pote ingawa ziwa lilikuwa mbali na upepo ulikuwa unavuma kuelekea huko. Collins na mama yake walisimama penye uzio, hawakusogea.

Dorotea alipiga magoti. Aliwahi kutafsiri mbele ya mawaziri waliokuja kuzindua vizimba, hakutetemeka. Sasa sauti haikutoka. Alijaribu mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu akasema.

"Apiyo. Ulisema nimwambie una mimba. Sikumwambia. Nilimwambia umepata mchumba. Na yeye hakusema hayo ni mambo yako. Alisema hivi. Alisema usikubali kuolewa. Alisema atakwenda kwa baba yako yeye mwenyewe, ng'ombe atatoa. Alisema mama yake mgonjwa, anakwenda miezi miwili tu. Alisema umsubiri." Aliweka kiganja kwenye nyasi za tuta. "Macho yake yalikuwa na maji kwa sababu alikuwa anakulilia wewe. Wazungu hawako hivyo wakiaga. Hakuna watu walio hivyo. Nilisema uongo kwa sababu nilimtaka."

Wimbo ukakoma.

Pumzi za Eirik nazo zikakoma, na katika ukimya ule uliozidi kurefuka, Dorotea akiwa hajui kama anapaswa kumtikisa au kukimbia au kulala chini naye amalizike, alisikia nyasi za kaburini zikilala upande mmoja bila upepo, kama zinavyolala mtu anapojigeuza kusikiliza vizuri, na midomo ya mumewe, iliyokuwa imeshaanza kuwa ya bluu, ikafunguka kidogo tu. Aliinama mpaka shavu lake likagusa shavu lile.

"Alisema nimsubiri?" ilinong'ona sauti.

"Alisema hivyo."

"Ningemsubiri. Basi mwambie na hili la mwiso, Doro. Mwambie mke wake ni mimi. Mwambie wewe ulikaa tu mahali pangu. Usipunguze neno."

Kisha Eirik akavuta pumzi kubwa ya mtu aliyetolewa majini, akakohoa, akaketi. Harufu ilikuwa imekwenda. Alitazama tuta, akamtazama Collins, akamtazama yule mtoto mgongoni mwa bibi, halafu akamtazama mkewe.

"Yeye... yeye nasema nini?" aliuliza, kwa Kiswahili chake kibovu.

Hakuna mwingine aliyesikia. Collins na mama yake walikuwa mbali, na ile sauti ilikuwa ndogo kuliko ya mdudu. Dorotea angeweza kusema: amekusamehe, anatuombea heri, twende nyumbani. Maneno hayo yalimjia yote pamoja, yamepangika vizuri, tayari kabisa. Aliyahisi ulimini.

Akamweleza kwa Kiingereza, neno kwa neno, akaona machoni pake kwamba kimemrudia. Halafu akarudia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika penye uzio: "Amesema mke wako ni yeye. Amesema mimi nilikaa tu mahali pake."

Eirik alimgeukia Collins. "Kweli?"

"Sikusikia," alisema Collins. Alimtazama Dorotea aliyekuwa bado amepiga magoti, udongo usoni. "Lakini huyu akidanganya hudanganya kwa faida yake. Hili halina faida kwake. Ni kweli."

Eirik alitikisa kichwa kukubali. Alivua pete yake ya ndoa, hakumpa Dorotea wala hakuitupa. Aliifukia kwa vidole kwenye udongo wa kaburi, akaomba kwa ishara aonyeshwe mahali pa kunawa mikono. Mama Collins alimtazama kwa muda, akamshusha mtoto mgongoni. Favour alisimama akamkagua yule mtu mrefu kuanzia viatuni. Kisha akamshika kidole kimoja, akaanza kumvuta kuelekea nyumbani, akimwonyesha kuku, akimtajia jina lake kwa Kijaluo, akimwonyesha mbuzi, akimtajia na hilo. Eirik alirudia kila neno. Alikosea, mtoto akacheka, akarudia tena.

Collins aliwafuata ndani. Hakuna aliyemwambia Dorotea aingie, wala aliyemwambia aondoke. Alibaki amesimama nje ya uzio wa minyaa, kando ya tuta, mpaka jua lilipokaribia kuzama. Alisubiri labda mmoja wao angetoka kumwita, kwamba kuna neno limewashinda, aje awatafsirie. Sauti zao zilimfikia pale aliposimama, za bibi, za mtoto na za mgeni, zikipishana na kucheka. Hakuna aliyetoka.